Ahadi Ndani ya Sanduku

Watoto waketipo jioni kutegeana vitendawili, mmoja hunadi, "Kitendawili!" Wenziwe huitika, "Tega!" Naye hutega: "Nyumba yangu haina mlango." Wa kwanza hujibu kuwa ni ngoma, wa pili hujibu kuwa ni chungu, kila mmoja kwa kadiri ya akili yake. Mwishowe hutokea mwerevu akasema, "Yai," na mtegaji hukubali kuwa amepata.

Msomaji, umepata kujiuliza ni kitu gani kilichomlazimisha mtegaji kukubali? Jibu lilikuwa moyoni mwake, mahali ambapo jicho la mtu halifiki. Laiti angependa kumnyima mwenziwe ushindi, angeweza kusema, "La, si yai, ni kaburi," na maneno ya kitendawili yasingemsuta, kwa maana kaburi nalo ni nyumba isiyo na mlango. Kinachomzuia ni watu waliomzunguka: bibi anayekijua kitendawili hicho tangu utoto wake, na wenzi ambao hawatacheza naye kesho akijulikana kuwa mjanja. Waondoe watu hao wote, uwaache wawili peke yao, wasiojuana wala kuaminiana, na mchezo utaharibika mara moja.

Katika jambo hili dogo la watoto limo swali kubwa la watu wazima. Je, watu wawili wasioaminiana waweza kuwekeana ahadi iliyo imara, pasipo shahidi wala mwamuzi kati yao? Wanafalsafa wameliuliza swali hili kwa karne nyingi. Katika siku zetu limeulizwa tena na watu ambao hatukuwatazamia, nao ni wataalamu wa fizikia na wa elimu ya maandishi ya siri. Nataka nikueleze walilolipata, kisha tutazame pamoja kama lina funzo lolote kwa mwenendo wetu.

Kwanza tulifahamu vema jambo lenyewe. Chukua mfano wa mtu aandikaye neno moja katika karatasi, akaitia ndani ya sanduku, akalifunga kwa kufuli, kisha akampa mwenziwe sanduku na yeye akabaki na ufunguo. Mwenye sanduku hawezi kulisoma neno, kwa sababu hana ufunguo. Mwenye ufunguo hawezi kulibadili neno, kwa sababu hana sanduku. Siku ya ahadi ikifika, ufunguo hutolewa, sanduku hufunguliwa, na neno husomwa mbele ya wote wawili. Hapa pana sifa mbili, nazo zote zahitajiwa. Sifa ya kwanza ni siri: mpokeaji asijue kabla ya wakati. Sifa ya pili ni uthabiti: mtoaji asigeuze baada ya kutoa. Ikikosekana siri, mpokeaji atadhulumu. Ukikosekana uthabiti, mtoaji atadhulumu.

Watu wa zamani walikwisha kuihitaji hila ya namna hii. Mwaka 1610 Galileo aliielekeza darubini yake kwenye sayari ya Zohali akaona jambo la ajabu. Hakutaka kulitangaza kabla hajaliyakinisha, wala hakutaka mwingine amtangulie kudai heshima. Basi aliandika sentensi ya Kilatini, akazichanganya herufi zake 37 hata zisiwe na maana, akazipeleka kwa wenziwe. Johannes Kepler, mtaalamu mkubwa wa nyota, alizipata herufi hizo akajitahidi kuzipanga. Alipata maneno yaliyohusu pacha wawili wa sayari ya Mirihi, akadhani kuwa Galileo amegundua miezi miwili huko. Galileo alipofunua maana yake mwaka ule ule, ilikuwa tofauti kabisa: alikuwa amesema kwamba ameiona sayari ya juu kuliko zote, yaani Zohali, ikiwa na sehemu tatu. Alichokiona hasa ni pete za Zohali, ambazo Christiaan Huygens alikuja kuzieleza mwaka 1659. Nayo miezi miwili ya Mirihi ilionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1877.

Zingatia kisa hiki, kwa sababu kina kasoro iliyo muhimu kwetu. Herufi zile zile 37 zilifunguka kwa maana mbili, na kila maana ilitumia herufi zote bila kubakiza hata moja. Galileo alikuwa mkweli. Lakini kama angekuwa mjanja, na kama miezi ya Mirihi ingaligunduliwa mwaka ule, angeweza kusema, "Hilo ndilo nililolikusudia." Sanduku lake lilikuwa na siri ya kutosha, lakini uthabiti wake ulikuwa na ufa.

Sasa tuje katika zama za simu na kompyuta. Mwaka 1981 Manuel Blum, mtaalamu wa hesabu na kompyuta nchini Marekani, alitoa mfano wa kuchekesha na kusikitisha pamoja. Mke na mume wameachana. Wanaishi katika miji mbalimbali, hawataki kuonana uso kwa uso, na wanazungumza kwa simu tu. Wanataka kurusha sarafu ili ijulikane nani atachukua motokaa. Lakini sarafu itarushwa na nani? Akirusha mume, mke hataamini. Akirusha mke, mume hataamini. Wataalamu wa elimu ya siri wana desturi ya kuwaita watu wao wa mfano Alice na Bob, na sisi tutawaita hivyo. Alice akiweza kuchagua upande wa sarafu na kuufunga katika sanduku lisilofunguka wala kubadilika, Bob naye akabahatisha upande wake kwa sauti, kisha sanduku likafunguliwa, basi sarafu imerushwa kwa haki bila sarafu kuwapo. Kwa hiyo haja yote imekuwa sanduku: sanduku liwezalo kupita katika waya wa simu.

Chagua hili ndogo, ambalo ni jibu moja kati ya mawili, ndiyo au la, 0 au 1, huitwa biti. Na kazi ya kulifunga huitwa ahadi ya biti. Usilidharau kwa udogo wake. Mwenye kuweza kufunga biti moja aweza kufunga mbili, na elfu, hata mkataba mzima.

Wataalamu wa hesabu walitengeneza masanduku ya namna hiyo kwa hesabu ngumu, nayo yanatumika kila siku. Lakini sanduku la hesabu lina sharti moja: uimara wake hutegemea udhaifu wa mtu. Twasema kuwa halifunguki kwa kuwa hesabu yake ingemchukua mkokotozi miaka mingi mno. Kesho akizaliwa mwenye akili zaidi, au ikitengenezwa kompyuta yenye nguvu zaidi, sanduku laweza kufunguka. Basi watu wakatamani sanduku ambalo uimara wake hautegemei udhaifu wa mtu bali maumbile yenyewe.

Mwaka 1984 ilionekana kana kwamba limepatikana. Charles Bennett na Gilles Brassard walieleza namna ya kutuma siri kwa chembe za nuru. Nuru huenda kwa chembe ndogo sana ziitwazo fotoni, na kila fotoni yaweza kutengenezwa ili mtetemo wake uwe na mwelekeo maalumu: wima au mlalo, ama mshazari wa kulia au mshazari wa kushoto. Maumbile yameweka sheria ya ajabu juu yake. Fotoni iliyotengenezwa kwa wima au mlalo, ukiipima kwa kipimo cha mshazari, itakupa jibu la kubahatisha tu, na habari yake ya kwanza itapotea kabisa. Huwezi kuipima kwa vipimo vyote viwili, wala huwezi kuinakili ili upime nakala.

Basi sanduku likajengwa hivi. Alice akitaka kuahidi 0, hutuma fotoni nyingi za wima na mlalo kwa mchanganyo wa kubahatisha. Akitaka kuahidi 1, hutuma za mshazari, pia kwa mchanganyo wa kubahatisha. Bob huzipima moja moja, mara kwa kipimo hiki, mara kwa kile, na kuandika majibu. Hana njia yoyote ya kutambua ni aina gani aliyotumiwa, kwa kuwa mchanganyo wa aina hii na mchanganyo wa aina ile, kwake yeye, hauna tofauti hata chembe. Hiyo ndiyo siri. Siku ya kufungua, Alice hutaja aina, na hutaja mwelekeo wa kila fotoni. Bob hutazama zile alizozipima kwa kipimo kilichofaa na kuona kama majibu yanapatana. Alice akisema uongo juu ya aina, itambidi abahatishe. Ikiwa fotoni ni 40, karibu 20 zitakuwa zimepimwa na Bob kwa kipimo kile Alice anachokidai kwa uongo, na kuzibahatisha 20 zote bila kukosea ni bahati moja katika 1,048,576. Huo ndio uthabiti.

Ungedhani kazi imekwisha. Lakini Bennett na Brassard walikuwa waungwana. Katika maandiko yale yale walionyesha wenyewe namna Alice awezavyo kudanganya, na hila yake ndiyo kiini cha insha hii.

Zipo fotoni ziwezazo kutengenezwa mbili mbili kama pacha, zikafungamana kwa namna ambayo Albert Einstein na wenziwe wawili, Boris Podolsky na Nathan Rosen, waliijadili kwa mshangao mwaka 1935. Ukimpima pacha mmoja kwa kipimo chochote, na mwingine kwa kipimo kile kile, majibu yao hulingana, hata wakiwa mbali. Basi Alice mdanganyifu hatengenezi fotoni za wima wala za mshazari. Hutengeneza pacha, akampelekea Bob mmoja wa kila jozi, na mwingine akamweka nyumbani bila kumpima. Siku ya kufungua inapofika, hutazama hali ya mambo. Ikimfaa 0, huwapima pacha wake kwa kipimo cha wima, na majibu hupatana na ya Bob. Ikimfaa 1, huwapima kwa mshazari, na majibu hupatana vilevile. Bob atakagua hata achoke, wala hataona kosa.

Tazama ubaya wa hila hii ulipo. Mdanganyifu wa kawaida huahidi jambo moja kisha akageuka. Huyu hakugeuka, kwa maana hakuwa na mahali pa kugeukia. Siku ile aliyokabidhi sanduku, akasema, "Nimekwisha kuchagua," hakuwa amechagua kitu. Hakuvunja ahadi, hakupata kuiweka.

Wataalamu hawakukata tamaa. Mwaka 1993 Gilles Brassard na wenziwe watatu walitoa njia mpya, iliyo ngumu zaidi, na kichwa cha maandiko yao kilidai kwamba imethibitishwa kuwa haivunjiki na upande wowote. Ilisadikiwa kwa miaka kadhaa. Kisha mwaka 1997 Dominic Mayers kwa upande wake, na Hoi-Kwong Lo pamoja na H. F. Chau kwa upande wao, walichapisha thibitisho kuwa njia ile haikuwa salama, wala hakuna njia nyingine ya jinsi hiyo iwezayo kuwa salama kamili, hata ibuniwe na nani. Nitajaribu kukueleza sababu yake bila hesabu, kwa kuwa ni nzuri na yafaa kukumbukwa.

Ili siri iwe kamili, vitu vyote vilivyo mikononi mwa Bob havina budi kuwa sawasawa, iwe Alice ameahidi 0 au ameahidi 1. Lakini ikiwa upande wa Bob ni ule ule katika hali zote mbili, basi tofauti ya hali hizo haiko kwa Bob hata kidogo. Iko wapi? Iko kwa Alice peke yake. Na katika fizikia ya kwanta, yaani fizikia ya chembe hizi ndogo, imethibitishwa kwamba tofauti ya namna hiyo Alice aweza kuigeuza kwa kushika vitu vilivyo upande wake tu, bila kumgusa Bob. Siri ikikamilika, uthabiti hutoweka. Ukitaka uthabiti, hapana budi upande wa Bob uwe na alama fulani, na alama hiyo itaitoboa siri. Sifa mbili zile ni kama watu wawili waliojifunika shuka moja fupi: mmoja akivuta, mwenziwe hubaki wazi.

Kwa maneno machache: ajifichaye kabisa hawezi kufungwa kabisa.

Niliposoma jambo hili mara ya kwanza nilifunga kitabu, nikakaa kimya, kwa sababu nilikumbuka kosa langu mwenyewe. Nitakusimulia, kwani mwalimu anayewafundisha vijana ukweli hana haki ya kuficha uongo wake.

Mwaka wangu wa kwanza wa kazi, nilipokuwa nimetoka chuoni, niliandaa mdahalo baina ya wanafunzi wawili, mvulana na msichana. Darasa zima lilikuwa liamue mshindi kwa kura. Asubuhi ya siku hiyo nililitangazia darasa kwamba mwalimu mzuri huwajua wanafunzi wake, na kwamba nimekwisha kuliandika jina la mshindi katika karatasi na kulificha mle mle darasani. Jioni kura zilihesabiwa, akashinda mvulana. Nilikwenda taratibu, nikakifunua kitabu cha mahudhurio, nikatoa karatasi yenye jina lake. Darasa lilipiga makofi kwa mshangao, nami nilivimba kichwa. Hakuna aliyejua kwamba chini ya sanduku la chaki palikuwa na karatasi ya pili yenye jina la msichana.

Nilifikiri kuwa ni mchezo usio na madhara. Baada ya masomo msichana yule alinijia, akasimama mlangoni, akasema, "Mwalimu, naomba radhi. Kama ulijua tangu asubuhi kwamba nitashindwa, kwa nini uliniacha nijitaabishe?" Sikuwa na jibu. Nilimwambia kwamba asijali, kwamba ni mambo ya kawaida. Muhula ule wote hakuinua mkono tena darasani. Nilimwona akinyamaza wiki baada ya wiki, nami nilikuwa na dawa mfukoni, wala sikuitoa kwa kuogopa aibu.

Wiki ya mwisho ya muhula nilishindwa na dhamiri yangu. Nilisimama mbele ya darasa, nikaeleza habari ya karatasi mbili, nikamwomba radhi mbele ya wenziwe. Wengine walicheka. Yeye hakucheka. Alifikiri kidogo, akasema, "Basi, Mwalimu, hukuwa umeandika neno lolote."

Kijana yule alisema kwa maneno machache yale ambayo mimi nilikuja kuyasoma baadaye kwa taabu. Karatasi mbili zenye majina mawili ni sawa na karatasi isiyo na jina. Mtu aliyejitayarisha kuwa mkweli kwa kila upande hajasema kweli kwa upande wowote. Na dhara halikuwa katika mchezo wenyewe, bali katika uzito ambao wengine waliuweka juu ya neno ambalo halikuwapo. Yeye alibeba hukumu ya mwalimu wake kwa muhula mzima, na hukumu yenyewe haikutolewa kamwe.

Yamkini utaniuliza, je, wataalamu waliishia hapo? La. Walitafuta kitu cha tatu. Adrian Kent, kuanzia mwaka 1999, alionyesha kuwa umbali waweza kufanya kazi ya shahidi. Hakuna ujumbe uwezao kwenda kwa kasi kuliko nuru, ambayo huenda karibu kilometa 300,000 kwa sekunde moja. Basi Alice akiweka mawakala wake mahali pawili palipo mbali, na Bob akaweka wake karibu nao, wakaulizwa kwa wakati mmoja, mawakala wa Alice hawapati nafasi ya kushauriana uongo kabla ya kujibu. Mwaka 2013 jambo hili lilijaribiwa baina ya Geneva na Singapore, na ahadi ikadumu kwa muda wa sehemu 15 za elfu ya sekunde. Usicheke ufupi wake. Mwaka 2016, mjini Geneva, ahadi iliyotegemea kasi ya nuru ilidumishwa kwa saa 24, kwa maswali na majibu yaliyopokezana bila kukoma.

Wengine wametegemea udhaifu wa vyombo. Pacha wa nuru ni wagumu kuwatunza bila kuharibika, na yule asiyeweza kuwatunza hana budi kuwapima mapema, yaani hana budi kuchagua. Nasi katika maisha yetu ya kila siku hutegemea macho ya watu. Hapa Kenya masanduku ya kura hufungwa kwa lakiri mbele ya mawakala wa vyama, na zabuni za serikali hufunguliwa mbele ya walioziomba. Hatufanyi hivyo kwa kuwa kila mtu ni mwizi. Twafanya hivyo kwa kuwa wawili peke yao, mmoja akificha na mwingine akipokea, hawana njia ya kuondoa shaka baina yao.

Hapa yanipasa nikuonye, msomaji. Thibitisho la mwaka 1997 lahusu chembe na vyombo, halihusu nyoyo. Mtu asije akasema kwamba fizikia imethibitisha kuwa binadamu hawaaminiki, kwa kuwa haikuthibitisha hivyo. Tena mwalimu hawezi kuidai hesabu imfanyie kazi ya maadili. Ila hesabu yaweza kufanya jambo moja la manufaa: yaweza kutuonyesha kwa uwazi mahali ambapo uaminifu unahitajiwa, kwa kutuonyesha mahali ambapo kufuli haifiki. Nami naona pana mambo matatu ya kujifunza.

La kwanza ni hili. Mtu akikudai umwamini, na wakati huo huo akakataa kukuonyesha lolote, ana haki ya kuwa na siri, lakini hana haki ya kudai kwamba amejifunga. Amejiachia milango yote. Wajibu wake ni kukiri hivyo. Atoaye ahadi ya kweli hujitoa kidogo katika maficho yake: husema mbele ya watu, au huandika kwa maneno yasiyofunguka kwa maana mbili, au hukabidhi kitu ambacho akigeuka kitamsuta. Ahadi isiyomgharimu mtoaji hata uhuru mdogo ni maneno tu.

La pili lahusu mpokeaji. Wako watu ambao hutaka kufuli katika kila jambo, wakadhani kwamba kufuli zikitosha uaminifu hautahitajika. Hao nao wamekosea. Kila sanduku lililobuniwa limeegemea kitu nje ya sanduku: ugumu wa hesabu, au mwendo wa nuru, au mawakala wanaotimiza kazi yao kwa saa iliyowekwa. Ondoa vyote, utawakuta watu wawili wakitazamana, na hapo hapana kilichobaki ila tabia zao. Wahenga walisema kuwa ahadi ni deni. Deni halilipwi na sanduku. Hulipwa na mtu.

La tatu ni gumu zaidi, nalo nakuachia ulifikiri. Wengine husema kwamba mtu mwaminifu hufedheheshwa akitakiwa kuweka shahidi. Mimi sioni hivyo. Galileo alikuwa mkweli, lakini alizituma herufi zake kwa wengine, hakujiona amedharauliwa. Mtu mwaminifu hujifunga kwa ajili ya mwenziwe ambaye hawezi kuuona moyo wake, na pia kwa ajili yake mwenyewe, kwa maana ajua kwamba kesho moyo utabadilika na faida itanong'ona. Lakini je, kama kufuli ni kamili hata nisiweze kugeuka nipendapo, nikitimiza ahadi yangu nastahili sifa gani? Jiwe lililofungwa kwa mnyororo halisifiwi kwa kutuliza. Huenda basi kwamba nafasi ile ndogo ambayo maumbile yameiacha wazi, nafasi ambayo Alice aweza kudanganya wala asionekane, ndiyo nafasi pekee ambamo Alice aweza kuwa mwaminifu.

Turudi kwa watoto wetu na vitendawili vyao. Jioni moja, msomaji, utatega wewe. Utakuwa na jibu moyoni, na mwenzio atalitaja sawasawa, tena awe ni yule usiyempenda. Hapatakuwa na bibi wa kukusuta, wala fotoni, wala wakala. Ulimi wako utakuwa na majibu mawili, na lolote utakalolisema litakubaliwa. Wakati huo ndipo utakapojua kama ulipotega ulikuwa umekwisha kuchagua, au ulikuwa na karatasi mbili kama mwalimu wako.